Chuma au Ng'ombe

Jina lake la kuzaliwa alikuwa akilitumia karani wa hospitali tu. Watu wengine wote walimwita Milimita, kwa sababu alikuwa seremala wa vitanda asiyekubali ubao uzidi wala upungue hata kwa unene wa ukucha. Mteja akimwambia, "Fundi, hapo panatosha, nani ataona?" yeye alijibu, "Mimi nitaona," na kuurudisha ubao mezani. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwembamba, mcheshi kwa kiasi chake, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepungukiwa pingili moja. Pingili hiyo ilikwenda na msumeno wa umeme siku nyingi nyuma. Akiulizwa, alisema ameikopesha.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikaa humo na mwenzake mmoja, mshona makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sofa. Humo ndani vumbi la mbao halikuisha, liko kwenye nyusi, liko kwenye kikombe cha chai. Kwa hiyo pumzi ya Milimita ilipoanza kupungua, wote wawili walilibebesha vumbi lawama. Akafunga kitambaa puani, mambo yakawa yaleyale. Ubao aliozoea kuupiga randa kwa mkupuo mmoja, sasa aliusimamia mara tatu, ameegemea meza kama mtu anayefikiria vipimo. Viatu vikaanza kumbana jioni. Kitandani akahitaji mto wa pili, kisha wa tatu, na mkewe alipouliza, alisema anapenda kulala akiona dirisha.

Siku ya kuumbuka ilikuwa ya kupeleka kitanda kwa mteja. Walikuwa wamekwishakifunga vizuri, godoro limewekwa, Milimita akainama kukaza parafujo ya mwisho. Alipoinuka, chumba kikamzunguka, akaanguka chali juu ya godoro jipya. Mwenye nyumba alidhani fundi anaonyesha uimara wa kazi yake, akasubiri kwa adabu. Ni Fundi Sofa aliyeona midomo ya mwenzake imekuwa ya kijivu.

Baada ya vipimo vya siku mbili akajikuta mbele ya daktari wa moyo, mwanamke mwenye nywele fupi aliyezungumza taratibu bila kupepesa macho.

"Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuugua koo, halafu viungo vikavimba?"

Milimita akakumbuka. Alikuwa na miaka tisa, magoti yamevimba kama maembe, mama yake akimbeba mgongoni kwenda chooni. Akapona, akasahau.

"Wewe ulisahau, moyo haukusahau," daktari alisema. "Ugonjwa ule uliacha makovu kwenye vali moja, ile ambayo damu hupitia ikitoka kwenye moyo kwenda mwilini. Imekuwa ngumu. Inatakiwa ifunguke upana wa kidole gumba. Yako sasa inafunguka upana wa hiyo penseli iliyo sikioni mwako."

Milimita akaishika penseli. Hakujua kwamba ameingia nayo.

"Dawa zitakausha maji miguuni. Lakini haziwezi kuifungua vali."

"Na tukiiacha ilivyo?"

"Wengi waliofika ulipofika, wameshaanza kuzimia, hawamalizi miaka mitatu. Wengine hawafiki hata miwili."

Kisha akamweleza la kufanya. Kifua kitafunguliwa, moyo utasimamishwa saa moja na nusu, pengine mbili, mashine itazungusha damu, vali mbovu itatolewa, mpya ishonwe mahali pake. Katika watu mia wa hali yake, wawili au watatu hawaamki. Na vali yenyewe iko ya aina mbili, kwa hiyo lazima achague. Milimita aliona midomo ya daktari ikiendelea kusema, lakini masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye neno "utasimamishwa". Akaitikia ndiyo kwa kila kitu, akachukua kadi ya miadi, akatoka.

Nyumbani mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule, alimwuliza wamesemaje.

"Wamenipa vidonge," akajibu. Na kweli alikuwa na vidonge mfukoni, akavitoa akavionyesha.

Wiki tatu aliishi hivyo. Alikuwa akijiwekea mkono kifuani akidhani hakuna anayemwona. Moyo ukidunda haraka, aliogopa. Ukitulia, aliogopa zaidi, akadhani ndio unasimama. Siku ya miadi ilipofika alivaa shati safi, akaaga anakwenda hospitali, akaenda kukaa kituo cha mabasi mpaka saa sita mchana, akitazama watu wanaopanda na kushuka. Halafu akarudi karakana.

Hakukumbuka kwamba kwenye faili aliandika namba ya simu ya mkewe.

Alimwona akiingia karakana saa nane, bado ana aproni ya jikoni. Mama huyo hakuwa mtu wa kuacha masufuria yake. Akakaa kwenye fremu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi.

"Hospitali wamenipigia," alisema. "Wanasema umekosa miadi ya kuamua. Kuamua nini, Baba Watoto?"

Fundi Sofa akakumbuka ghafla kwamba uzi umemwishia, akatoka.

Milimita akaanza kukunja futi yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena. "Wanataka kunipasua kifua. Wausimamishe moyo."

"Usimame muda gani?"

"Saa moja na nusu. Pengine mbili."

"Na wewe ukaniambia wamekupa vidonge."

"Vidonge wamenipa kweli."

"Usinichezee."

Akaiweka futi chini. "Naogopa," alisema. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, mkewe hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Alipata kumwogopea mtoto homa, alipata kuogopea paa wakati wa upepo. Hii ilikuwa nyingine.

Mkewe akafuta unga wa mbao kwenye fremu kwa kiganja. "Unadhani mimi siogopi? Nimeogopa tangu mto wa tatu. Ila ningependa kuogopa kitu ninachokijua."

Juma lililofuata walikwenda pamoja. Kwenye benchi la kungojea walikaa jirani na mwanamume mnene mwenye miwani, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kupimwa damu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliposikia habari ya vali, akasema, "Ngojeni kidogo, sikilizeni," akafungua mdomo wazi kama aliye kwa daktari wa meno.

Wakasikia. Tik, tik, tik. Ndogo lakini dhahiri, kama saa ya mkononi ndani ya kabati.

"Ya chuma," mwalimu alisema kwa majivuno. "Mwaka wa tisa huu. Wakati wa mtihani, darasa likinyamaza, wanafunzi wanaisikia. Wanasema mwalimu anatuhesabia muda."

Mke wa Milimita akacheka. Milimita alijaribu, hakuweza. Aliwaza kulala na sauti ile kila siku, na siku moja asiisikie.

Mwalimu akaeleza maisha yake bila kuficha. Kila siku kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi, saa ileile, maana damu nzito ingeganda kwenye chuma na kupanda kichwani. Kila mwezi kupimwa. Mboga za majani asile nyingi leo na kuziacha kesho, maana zinavuruga dawa. Kung'oa jino kulimchukua wiki nzima ya mipango. Akijikata wakati wa kunyoa ndevu, anashikilia pamba mpaka chai inapoa.

"Lakini mimi nashika chaki," alisema. "Chaki haikati mtu. Wewe unafanya kazi gani?"

"Seremala."

Mwalimu akatazama mkono wa kushoto wa Milimita, akafika kwenye kile kidole, akanyamaza. Tangu wakae, hakuwa amenyamaza hata mara moja. Milimita alisema baadaye kwamba maneno yote ya hospitali hayakumtisha kama ukimya ule.

Ndani, daktari aliweka vali mbili juu ya meza, za kuonyeshea. Moja ilikuwa pete nyeusi yenye vibawa viwili vigumu. "Tunaiita ya chuma, ingawa ni kaboni iliyotengenezwa kwa joto kali sana. Hii itadumu kuliko wewe. Lakini bila dawa ya damu haifai, mpaka mwisho wa maisha." Ya pili ilikuwa nyeupe, laini, ina majani matatu yanayokutana katikati. "Hii imetengenezwa kwa ngozi inayouzunguka moyo wa ng'ombe. Haihitaji dawa ile kwa muda mrefu. Lakini inachakaa. Miaka kumi, pengine kumi na mitano. Halafu inabadilishwa, na kubadilisha si kazi ndogo."

Milimita akaichukua ile nyeupe, akaizungusha kati ya vidole, akafinya jicho moja. "Ishirini na tatu," alisema.

Daktari akatazama lebo iliyo chini ya kisanduku. "Milimita ishirini na tatu," akasoma. Akamtazama upya. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ungekuwa mimi, daktari, ungechukua ipi?" mke aliuliza.

"Angekuwa na miaka thelathini, ningemvutia kwenye chuma. Angekuwa na sabini, ng'ombe, bila mjadala. Miaka yenu iko katikati, na hapo katikati hakuna jibu baya. Swali ni mnaweza kuishi na lipi." Kisha akamgeukia Milimita. "Fanya kazi nyepesi tu, usibebe chochote. Lakini kwa wiki mbili, hesabu unajikata mara ngapi. Mara zote, hata ndogo. Uniletee."

Akahesabu. Kwenye ubao mmoja ulioegemea ukuta alichora mstari kwa penseli kila damu ilipotoka. Kibanzi chini ya ukucha, mstari. Msumari, mstari. Fundi Sofa alijiteua kuwa mwamuzi. "Hiyo ni nusu, ni kijiti tu," alisema. "Imetoka damu," Milimita akajibu, akachora mzima. Hakuwahi kufikiri kwamba anavuja damu kiasi kile. Siku ya nane mistari ilikuwa sita, na kila mstari ulimpa baridi, maana sasa aliuona kwa macho ya mtu ambaye damu yake haigandi. Siku ya kumi na moja patasi iliteleza, ikaingia kwenye kiganja cha kulia chini ya kidole gumba. Fundi Sofa alimfunga kwa kitambaa cha kochi la mteja, wakaenda kushonwa nyuzi nne. Mstari huo aliuchora kwa mkono wa kushoto, ukatoka umepinda.

Kwa upande wake ilikuwa imekwisha: ng'ombe. Mkewe hakutaka hata kusikia.

"Chuma," alisema jioni hiyo mezani, sahani hazijaondolewa. "Mara moja, basi. Vyombo viuze, au umpe mtu. Utafundisha, utapokea oda, utakaa kwenye kiti."

"Nitakuwa nani, mimi, kwenye kiti?"

"Utakuwa hai."

"Mwalimu yule yuko hai na anafanya kazi yake. Mimi unanitaka hai bila yangu."

"Ni kiburi tu hicho. Ubao ndio unataka ukuzike?"

Binti yao, wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akisomea ufundi umeme, alikuwa amekaa kati yao akizungusha kijiko. Hakuwa na kawaida ya kuingilia ugomvi wa wazazi. "Mama," alisema, "wewe unaogopa nini hasa?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo.  "Kukaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji mara mbili. Mara moja nitaweza, nitajikaza. Ya pili sitaiweza, najijua. Atakuwa na sitini, mwili umechoka, halafu nikae tena pale nimsubiri mtu atoke aniambie."

"Na wewe, Baba?"

Milimita akatazama kiganja chake kilichofungwa bendeji. "Kumwaga damu peke yangu karakana, Sofa akiwa ameenda kununua uzi. Naishikilia, haisimami. Namwita mtu, mashine inapiga kelele, hakuna anayesikia. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Kufa kwenye usingizi wa dawa siku hizi naona afadhali."

Mkewe alikuwa amedhani anang'ang'ania kazi. Hakujua kwamba anaogopa kazi. Akaondoa sahani, akaziosha zote, akazifuta, akarudi.

"Sijakubali," alisema. "Nimekuelewa, basi. Chukua huyo ng'ombe wako."

Siku ya kutia sahihi jina la Milimita lilitoka nje ya mstari. Akaomba karatasi nyingine. Muuguzi akamwambia hiyo inatosha. Akasema haitoshi, akapewa nyingine, nayo ikatoka nje, akaiacha.

Asubuhi ya upasuaji walimnyoa kifua, wakamvisha gauni la kufungwa mgongoni, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Mkewe na bintiye walitembea naye mpaka kwenye mlango ulioandikwa kwamba wageni hawapiti. Mkewe akamshika kisigino, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akakikamata kwa nguvu, akakiachia.  Bintiye alisema, "Baba, soksi zako ninazo mimi."

Ndani kulikuwa na baridi. Milimita alisema baadaye kwamba meno yalikuwa yakigongana na hakujua kama ni baridi au ni yeye. Akatazama dari. Kipande kimoja kilikuwa kimekatwa vibaya, kimepungua kama milimita nne, na kwa dakika nzima alishukuru kupata kitu cha kukasirikia. Kisha daktari wa usingizi, kijana mwenye sauti nzito, akaja kusimama upande wa kichwa.

"Mzee, mimi kazi yangu ni kukaa hapa."

"Nikianza kuamka katikati?"

"Ndiyo maana nakaa hapa. Sitoki kichwani pako hata kwenda kunywa maji."

"Naogopa, mwanangu," Milimita alisema. Safari hii lilimtoka kwa urahisi, kama kutaja saa.

"Wote wanaogopa. Wasioogopa ndio wananitia wasiwasi." Na hapo Milimita hakumbuki tena.

Saa saba zilipita. Daktari wa moyo alitoka, kofia mkononi, akasema vali imekaa vizuri na moyo umeanza kupiga wenyewe. Mkewe akakaa sakafuni palepale. Wakaruhusiwa kumwona kupitia kioo, mirija kila mahali. Saa mbili baadaye muuguzi akaja mbio kidogo, zile mbio za watu wasiotaka kuonekana wanakimbia. Mirija ya kifuani ilikuwa ikitoa damu kuliko inavyotakiwa. Wanamrudisha ndani, wafungue tena watafute inakotoka.

Yule mama aliyesema hataweza mara ya pili alikaa nje ya mlango uleule, siku ileile, jua bado halijatua. Binti anasema mama yake hakulia wala hakuomba kwa sauti. Alihesabu vigae vya sakafuni, akifika mwisho anaanza tena, na mtu akipita anainua miguu ili asiharibu hesabu. Walikuta mshipa mdogo unavuja, wakaufunga. Ilichukua saa moja na dakika ishirini.

Milimita alipoamka na mrija kuondolewa kooni, mkewe alikuwa kando yake. Hakumwambia mara moja. Alimwambia siku ya nne, alipokwisha kuweza kukaa. Milimita akasikiliza, akamtazama usoni.

"Kwa hiyo umekaa mara mbili," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nimekaa."

"Pole, mke wangu."

Milimita akaanza kucheka, kifua kikamuuma, akakumbatia mto kama walivyomfundisha. Kwa wiki kadhaa mto huo alikwenda nao hata msalani. Kilichomtisha kuliko vyote wakati huo ni chafya. Akihisi pua inawasha, alisimama katikati ya chumba amekumbatia mto, macho yamemtoka, nyumba nzima imenyamaza ikimsubiri.

Na ile dawa aliyoikimbia hakuiepuka kabisa. Siku ya tano moyo ulianza kupiga ovyo, hatua mbili haraka na moja imechelewa, kwa hiyo wakampa dawa ya kuifanya damu nyepesi kwa miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu alikaa karakana kwenye kiti, mikono mapajani, marufuku kugusa hata msasa, akimwelekeza Fundi Sofa jinsi ya kuunga kitanda. Kitanda hicho kilitoka kimeinama upande wa miguu. Fundi Sofa alisema mteja hataona. Milimita alifumba macho, akavuta pumzi, na hapo ndipo alipotambua kwamba pumzi imeingia mpaka chini, bila kukwama, na ameivuta kwa hasira tu, bila kuifikiria. Akaivuta ya pili kujaribu. Ikaingia.

Sasa ni mwaka wa nne. Amerudi kwenye randa na msumeno, anavaa glavu pale zinapofaa, na hafanyi kazi banda likiwa tupu. Watu hudhani mtu akishapona hofu humtoka. Yake haikutoka, imepungua na kupangiwa siku. Kila mwaka, juma moja kabla ya kipimo, halali vizuri na chakula hakipiti. Analala ubavu, wanampaka mafuta ya baridi, kwenye skrini anaiona ile vali ikifungua na kufunga, na anajisahau anabana pumzi mpaka mpimaji anamwambia, "Pumua, mzee."

Mwezi uliopita walikwenda tena. Daktari akasema majani bado ni laini, hakuna kilichokakamaa.

"Imebaki miaka mingapi?" Milimita aliuliza, kama anavyouliza kila mwaka.

"Sijui. Njoo mwakani."

Walipotoka, viatu vipya vya mkewe vilikuwa vimeanza kumchubua, wakakaa kwenye ukuta mfupi ulio mbele ya duka la dawa. Magari yalikuwa yakipita, mtu mmoja alikuwa akimwaga ndoo ya maji kuzima vumbi.

"Uliogopa leo?" mkewe aliuliza.

"Asubuhi, sana. Sasa hivi kidogo."

"Mimi sasa hivi ndio inanijia," alisema, akinyoosha mkono kuonyesha vidole vinavyotetemeka. Milimita akaushika kwa mikono yake miwili, akaubana mpaka ukatulia.  Kisha mkewe akavua viatu, akavishika mkononi, wakaenda hivyo mpaka nyumbani, mke akitafuta sehemu zenye kivuli za kukanyaga.